Mwana wa Eligia Analala kwa Luti

Nilimjua kabla hajavua miwani ya jua. Alishuka kwenye gari la kukodi mbele ya lango langu, akanyoosha mgongo, akageuka kutazama bahari, nami nikakiona kile kidevu. Upande huu wote wa kisiwa kidevu kile kipo kimoja tu, na mwenyewe huimba sauti ya juu kanisani kwetu kila Jumapili, benchi la mbele yangu. Eligia Isenia kabisa! Ila huyu alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, amevaa kaptura, na nyuma yake akateremka mwanamke mrefu wa Kiholanzi ambaye mabega yake yalikuwa yameshaiva kwa jua hata kabla ya kufika kwangu.

Chumba waliandikisha kwa jina la yule Mholanzi, Femke. Wanawake wawili, kitanda kimoja. Kwangu hiyo si habari. Mpwa wangu Richenel, anayeishi mjini na mwanamume wake na paka wao mnene, alinichorea bendera ya upinde wa mvua kwenye nguzo ya lango, akaniambia, "Shangazi, watu wanaitafuta hii kabla hata hawajauliza bei." Tangu hapo vyumba vyangu vitatu havikai vitupu. Wanakuja wanaume wawili wawili, wanawake wawili wawili, wanaogelea na kasa, wanakunywa kahawa barazani, wanashikana mikono mpaka kwa muuza mkate na hakuna anayewageukia. Sijawahi kumuuliza mgeni analala na nani. Ninachouliza ni kama anakula pilipili.

Lakini huyu nilimuuliza, tena kwa Kipapiamentu, lugha yetu ya kisiwani, hata karibu sijasema.

"Wewe si Zoraima wa Eligia?"

Akavua miwani. "Ni mimi, Mama Luti. Nilidhani umenisahau."

"Nikusahau vipi? Siku ya komunyo yako ya kwanza ulizimia kwa joto, nani alikubeba akakumwagia maji? Gauni langu liliharibika." Nilikuwa nimeshapandwa na hasira, na mimi nikipandwa na hasira sauti yangu husikika mpaka ufukweni. "Mama yako yuko hai! Ana nyumba ya vyumba vinne pale Soto, robo saa kwa gari. Umekuja kulala kwangu kwa kulipia?"

Huku kwetu mtoto akirudi kutoka Uholanzi hulala kwa mama yake. Hata nyumba iwe imejaa, hata alale sakafuni na binamu zake wamemlalia miguuni, atalala kwa mama yake.

"Tafadhali, Mama Luti," akasema taratibu. "Nikupe habari yote. Halafu ukitaka kunifukuza, unifukuze."

Nikawapa maji ya ukwaju, tukakaa barazani. Yule Femke alikuwa akinitazama mdomo ninavyosema, maana alikuwa akijifunza lugha yetu, na nikisema haraka anaachwa njiani.

Zoraima anaendesha tramu kule Rotterdam. Miaka minane nyuma alimpigia mama yake simu akamwambia ana mtu, na mtu huyo ni mwanamke. Eligia hakusema neno. Akakata. Jumapili iliyofuata Zoraima akapiga tena, Eligia akapokea kama vile hakuna kilichotokea, wakaongea habari za presha, za mvua iliyokataa kunyesha, za mbuzi wa jirani walioruka ua. Na hivyo ndivyo walivyoishi miaka minane: presha, mvua na mbuzi. Masika iliyopita Zoraima na Femke walifunga ndoa. Eligia hakuambiwa.

"Hukumwambia mama yako umeolewa?"

"Ningemwambia vipi? Ningeanza wapi, baada ya mbuzi?"

Ningecheka, lakini macho yake yalikuwa yameshajaa.

"Nataka Femke akione kisiwa chetu," akasema. "Aone shule yangu, aone mahali nilipojifunza kuogelea. Mwaka mpya nitakwenda Soto peke yangu, kama vile nimeshuka kwenye ndege asubuhi hiyo. Nitakaa na mama kidogo, nitarudi hapa."

"Na huyu?"

"Atanisubiri."

Femke alilielewa hilo. "Mimi ninasubiri vizuri," akasema kwa Kipapiamentu, kwa lafudhi ya kuvunja meno, akatabasamu. Tabasamu lenyewe lilikuwa la mtu aliyekanyagwa kidole kwenye umati akaamua kutosema.

Zoraima aliliona pia. Femke alipopanda juu na masanduku, akanisogelea. "Nikimpeleka, mama akatufungia mlango, basi, sina mama tena. Nisipompeleka, nampoteza yeye kidogo kidogo. Amejifunza lugha miaka miwili, Mama Luti. Ili aongee na mama yangu tu. Kule kwetu Rotterdam hana mwingine wa kuongea naye Kipapiamentu isipokuwa mimi, na mimi nikichoka namjibu Kiholanzi."

Nikamwahidi sitafungua kinywa. Na kweli sikufungua. Lakini kisiwa hiki ukipika maharage mjini, huku kwetu Westpunt wanakuuliza kama yameiva. Kesho yake asubuhi nilikwenda kununua mkate, na kabla sijanyoosha mkono mwenye duka akaniambia, "Mwana wa Eligia yuko kwako." Hakuuliza. Alinipa taarifa. "Na yule mzungu ndiye mkewe, eti? Tangu mahakama iliporuhusu waoane hata hapa, mimi nasema waoane tu, keki zangu zitauzwa. Lakini Eligia, loo!" Akatikisa kichwa. Nikachukua mkate wangu nikaondoka bila kujibu, jambo ambalo kwangu ni ugonjwa.

Jumapili Eligia hakuimba. Alisimama na wenzake wa kwaya, kidevu juu, mdomo umefungwa. Padri alipotuaga akaja moja kwa moja kwangu pale kwenye ngazi za kanisa, mkoba mkononi, kofia ya sikukuu kichwani.

"Una wageni, Luti."

"Nina wageni kila wiki, Eligia. Ndiyo kazi yangu."

"Aa. Mimi nilifikiri kazi yako ni kuimba kwa kukosea nyuma ya sikio langu."

"Nikae mbele siku moja uone nani anakosea."

Kwa kawaida hapo hucheka, maana mimi na yeye tumetaniana hivyo tangu tuna meno ya utoto. Safari hii hakucheka.

"Mwanangu analala kwako."

"Analala."

"Na yule mwingine."

"Na yule mwingine."

"Wanakula?"

"Eligia, kwangu kuna mtu aliyewahi kulala njaa?"

Akageuza uso akawatazama watu waliokuwa wakijifanya wanatafuta funguo za magari, na kumbe masikio yote yako kwetu. "Amenitia aibu," akasema. "Mbele ya hawa wote. Mwambie hivyo, kwamba mama yako umemtia aibu ambayo hataisahau." Kisha akaingia kwenye gari lake akabamiza mlango, likawaka kwa mara ya tatu kama kawaida yake.

Nilirudi nyumbani moyo umenilemea. Eligia ni mtu wa rozari, mtu wa kufunga Kwaresima bila kudanganya. Nilimwelewa, au nilidhani nimemwelewa. Nikawaza nimwambie Zoraima au ninyamaze. Lakini ujumbe ni ujumbe, na ningenyamaza angeusikia dukani ukiwa umeongezewa chumvi. Nikamwambia.

Hakulia. Aliketi kitandani akashika simu akaanza kutafuta ndege ya kuwarudisha mapema. Hiyo ilinitisha kuliko kilio.

Femke alikuwa jikoni kwangu. Nilikuwa nimempa kazi ya kufunga ayaka, yaani unga wa mahindi na nyama ndani ya jani la mgomba, unafungwa kwa uzi, unachemshwa. Vifurushi vyake vilikuwa vimefungwa kwa mafundo ya mabaharia, hata kwa shoka huvifungui. Nilipomweleza, akaweka uzi chini.

"Mimi naweza kwenda," akasema, akitafuta neno moja moja. "Peke yangu. Yeye abaki na mama yake. Mama ni mmoja."

"Na mke ni wangapi?"

Akafikiri. "Mmoja," akasema, na hapo ndipo yeye alipolia, mikono imejaa unga, hajui ajifutie wapi.

Nikamfuta mimi kwa aproni. Nikasema moyoni, hapana, mwaka haufungwi hivi nyumbani kwangu. Mtu anakuja kisiwani kwetu kwa sababu ameambiwa hapa atapumua, anavuka bahari nzima, halafu arudi amebana pumzi vilevile? Kwa nini basi nimechorewa bendera langoni?

Jioni hiyo Richenel alikuja na ngoma yake kwa mazoezi, maana mwaka mpya ulikuwa mlangoni na kikundi chetu cha dande hutoka kila mwaka. Mimi ndiye ninayeongoza uimbaji. Tunapita nyumba kwa nyumba kuwatakia watu mwaka mwema, na kazi ya mwongozaji ni kuwaimba wenye nyumba kwa majina, mmoja mmoja, papo kwa papo, na wengine wanaitikia "dande". Mwenye nyumba, mumewe, watoto, bibi aliyelala chumba cha nyuma, aliyefariki mwaka ule, wote wanatajwa. Ukimwacha mtu umemwacha nje ya mwaka, na akivunjika mguu mwezi wa tatu watakukumbuka wewe. Nami nilipokuwa nikikaza kamba za ngoma ile, akili ikanifunguka.

"Zoraima!" nikapiga kelele. "Weka simu chini. Nani katika kisiwa hiki ameshawahi kuifungia dande mlango?"

Akachungulia kutoka ghorofani. "Hakuna. Ni mkosi."

"Basi mama yako atakuwa wa kwanza? Eligia, anayepiga ishara ya msalaba paka akipiga chafya? Mnakuja na sisi, wote wawili. Mtaingia katikati yetu."

"Mama Luti, huo ni ujanja."

"Ni ujanja, ndiyo. Kwani ukimya wenu wa miaka minane umewafikisha wapi?"

Richenel akacheka mpaka akakaa juu ya ngoma. Zoraima alikataa, akakubali, akakataa tena. Aliyemaliza maneno ni Femke. Alishuka ngazi akamuuliza Richenel, "Mimi nipige nini?" Akapewa wiri, kile chuma chenye meno kinachokwaruzwa kwa fimbo. Alikwaruza kwa bidii ya Kiholanzi, kila pigo mahali pake. Akatufaa.

Asubuhi ya mwaka mpya barabara ilikuwa nyekundu kwa karatasi za fataki zilizolipuliwa jana yake, na hewa bado ina harufu ya baruti na ubani wa watu waliofukiza nyumba zao. Tuliimba Westpunt, tukaimba Lagún, tukapewa keki nyeusi na vinywaji vya mayai, na katika kila nyumba walimtazama Zoraima, wakamtazama Femke, kisha wakampa Femke kipande kikubwa zaidi kwa sababu ni mrefu. Mzee mmoja akamwambia, "Binti, unakikwaruza hicho chuma kama kimekukosea!" Femke akajibu, "Kimenikosea kidogo," na baraza zima likaangua kicheko. Nikaona Zoraima akimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu washuke kwenye gari nikamwona anacheka na meno yote.

Kicheko kile kikaisha tulipokunja kona ya Soto.

Nyumba ya Eligia ni ya njano, ina ua wa dungusi kakati zilizopandwa karibu karibu hata kuku hapiti. Mlango ulikuwa wazi. Tulipopanga mstari Zoraima alinishika mkono. "Nikizimia tena," akaninong'oneza, "safari hii uniache chini."

Richenel akagonga ngoma. Tukaingia.

Eligia alikuwa amesimama katikati ya sebule, amevaa gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Inaonekana alishatusikia tangu mbali. Alinitazama mimi, akawatazama wapiga vyombo mmoja mmoja, akafika kwa Zoraima akasimama hapo, kisha akainua macho, maana ilibidi ainue, akamtazama Femke. Femke aliendelea kukwaruza wiri akitazama ukutani kama mtoto anayechomwa sindano. Ikabidi niimbe.

Nikaimba, "Tumefika kwa Eligia, mwaka umekuja na viatu vipya." Wakaitikia dande. Nikamwimba marehemu mumewe, aliyejenga ua ule kwa mikono yake na kulalamika miiba kila siku ya Mungu. Dande. Midomo ya Eligia ikatingishika kidogo. Nikamwimba Zoraima, mtoto wa nyumba, aliyevuka maji makubwa akarudi na mifupa yake yote. Dande. Nikaona machozi yakishuka mpaka kwenye kile kidevu, cha mama na cha mwana, wote wawili wamesimama wima hakuna anayemsogelea mwenzake.

Kisha zamu ya Femke ikafika.

Mimi nimeimba dande tangu baba yangu alipopoteza sauti. Nimewaimba walevi, nimewaimba wajane wenye mume wa jirani chumbani, sijawahi kukwama. Pale nilikwama. Nikimwita mke wa Zoraima mbele ya Eligia, ndani ya sebule ya Eligia, huenda nikaukata ule uzi mwembamba ulioshikilia asubuhi ile. Nikimwacha, nimemtoa nje ya mwaka, naye amesimama mbele yangu anakwaruza kwa roho yake yote. Ngoma ilikuwa ikinisubiri. Hofu ikanichagulia. Nikaimba, "Na mgeni wetu, kutoka ng'ambo, mwaka umpokee..."

"Simameni!"

Eligia alikuwa ameinua mkono. Hakuna mtu anayesimamisha dande. Sijawahi kuona, baba yangu hajawahi kuona. Ngoma ikafa. Wiri ikakwaruza mara moja zaidi peke yake, ikanyamaza. Nikasema moyoni, Luti, umeharibu.

"Luti," akasema Eligia, "umelewa?"

"Sijalewa."

"Basi umezeeka. Mgeni ni nani humu ndani?"

Nikamtazama Richenel. Richenel akatazama ngoma yake.

"Nakuuliza! Umesema mgeni. Mimi sioni mgeni. Naona mpiga ngoma, naona wapiga gitaa wenye njaa, naona wewe. Mgeni yuko wapi?" Akamgeukia Femke, akapunguza mwendo wa maneno kama mtu anayeongea na mtoto au na daktari. "Wewe. Unaitwa nani?"

"Femke, mama."

"Sawa. Luti, huyu anaitwa Femke. Huyu ni mkamwana wangu. Imba tena tangu mwanzo, na umwimbe jina lake, kwa sababu akiugua mwaka huu nitakuja kwako na jiwe."

Zoraima akatoa sauti ambayo sitaweza kuiandika. "Mama," akasema. "Unajua?"

"Kama najua! Picha za harusi nimeonyeshwa na mwenye duka la mkate! Kwenye simu yake, mbele ya foleni! Nikajifanya nimeshaziona. Nikasema, ee, keki haikupanda vizuri." Alikuwa akilia sasa, na alikuwa na hasira na machozi yenyewe, anayafuta kama nzi. "Halafu unakuja kisiwani, unalala kwa Luti. Kwa Luti! Kwa kulipia! Watu wananiuliza kanisani kama nyumba yangu ina kunguni. Chumba nimekitandika tangu Krismasi kwa sababu binamu yako alinidokezea kuwa unakuja. Kitanda kipana, nimekibadilisha na jirani. Nakaa hapa natazama barabara, na mwanangu anakunywa kahawa barazani kwa mtu mwingine!"

"Ulimwambia Mama Luti nimekutia aibu."

"Ndiyo umenitia aibu! Ulitaka nisemeje?"

Nikaona nijitetee. "Eligia, ungesema aibu ni ya kulala kwangu. Mimi nilidhani..."

"Wewe wakati wote unadhani. Nyamaza."

Zoraima alikuwa amesogea hatua mbili. "Ulikata simu, mama. Siku ile. Nilikwambia jambo kubwa kuliko yote ya maisha yangu, ukakata."

Hapo Eligia akashusha mkono. Alikaa kwenye mkono wa kiti, gauni likakunjika, hakujali. "Nilikata kwa sababu sikujua la kusema," akasema kwa sauti ndogo. "Nikasubiri uulize tena. Jumapili ukapiga, ukaniuliza presha. Nikasema, basi, hataki tuongee hilo, ananiogopa. Nikakujibu presha. Jumapili nyingine vilevile. Mimi nimebishana na Mungu miaka minane kwa ajili yako, Zoraima, magoti yangu yameisha, na Mungu hajawahi kunijibu neno baya juu yako hata siku moja. Nilishachoka kubishana zamani. Nilikuwa nangoja tu umlete."

Nawaambia ukweli, hewa ilirudi katika nyumba ile. Zoraima alimwangukia mama yake kwa nguvu hata kiti kikasogea mpaka ukutani, wakalia wote wawili, wakigombana ndani ya kilio, nani alipaswa kuuliza, nani alipaswa kusema. Richenel akajifuta kamasi kwa mkono wa shati. Mimi nikakaa juu ya ngoma bila kuombwa. Miaka minane ya presha na mbuzi, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyefunga mlango!

Tukaimba tena, tangu mwanzo kama alivyoamuru. Nilipofika kwa Femke nilimwimba mistari mingi kuliko mtu yeyote, nikaimba urefu wake na mabega yake mekundu na mafundo yake yasiyofunguka, na nikamwita mkamwana wa Eligia mara nyingi hata wapiga gitaa wakachoka kuitikia. Eligia alisikiliza kwa makini kama mtu anayekagua nguo kutoka kwa fundi. Mwishoni akaitikia kwa kichwa kuwa imemtosha.

Kisha akatukaribisha tukae. Watu wa dande wakakaa kwenye makochi mazuri ya sebuleni, wakaletewa supu ya utumbo katika bakuli zile zenye ukingo wa dhahabu ambazo Eligia huzitoa kwa wageni tu. Nami nikapewa moja. Femke naye akaenda kukaa kando ya Richenel, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, ameketi vizuri kama alivyofundishwa.

Eligia alimwona. "Huyu anafanya nini hapo?"

Femke akasimama haraka, uso umebadilika. Zoraima naye akasimama.

"Jikoni," akasema Eligia. "Vyombo vya asubuhi vimejaa, na mimi magoti yangu nimeshawaambia hali yake. Aproni iko nyuma ya mlango. Zoraima, wewe kalete masanduku kabla Luti hajawahesabia siku nyingine."

Femke alitazama huku na huku kuhakikisha ameelewa kila neno. Alielewa. Alikwenda jikoni karibu anakimbia, akainamisha kichwa kwenye fremu ya mlango ambayo haikujengwa kwa watu wa kimo chake. Tukasikia bomba likifunguliwa. Eligia akamfuata, na muda si muda sauti yake ikatufikia sebuleni, kali, ile ile aliyomlelea Zoraima.

"Si hivyo! Hiyo sufuria ni ya mama yangu, haisuguliwi na chuma. Nani alikufundisha kuosha vyombo?"

"Hakuna, mama," tukamsikia Femke akijibu.

"Naona. Njoo hapa, shika hivi."